Pampu ya dizeli: Kwa nini moshi mweusi si nguvu ya injini

MATATU iliyojaa abiria inapoanza kupanda Valley Road kutoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Kawangware, dereva hukanyaga mafuta na nyuma ya gari hufumka wingu la moshi mweusi. Hali ni iyo hiyo jioni katika barabara ya Kibera Drive, ambako vibanda vya mboga na nyumba za mabati vimekaribiana na lami kiasi kwamba moshi wa gari huweza kuingia moja kwa moja hadi jikoni mwa watu.

Miongoni mwa wenye magari na madereva, imezoeleka imani kwamba moshi huo ni dalili ya nguvu. Gari likizembea mlimani, agizo analopewa fundi wa jua kali huwa fupi: aifungulie pampu. Fundi huchukua spana na bisibisi, hulegeza nati, husokota skurubu iliyo kwenye pampu, na gari huondoka kwa kishindo. Kila mmoja hurejea kwake akiwa ameridhika.

Ridhaa hiyo aghalabu huwa ya muda mfupi. Moshi mweusi ni dizeli iliyonunuliwa kwa fedha taslimu, ikasukumwa ndani ya injini, kisha ikatoka nje bila kuungua sawasawa. Katika injini yenye turbo, ambayo joto lake tayari ni kali, robo ya mzunguko wa skurubu yaweza kutenganisha gari linalofanya kazi miaka mingi na gari linaloyeyusha pistoni kabla ya mwaka kwisha.

Makala haya yanaeleza kazi ya pampu hiyo, namna inavyopimwa, na yale ambayo mwenye gari anapaswa kuuliza kabla hajakubali skurubu yoyote iguswe.

Kazi tatu za pampu

Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto. Hewa hufinywa ndani ya silinda hadi ujazo wake upungue mara 16 hadi 20, nayo hupata joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli inaponyunyizwa ndani ya hewa hiyo huwaka yenyewe. Hivyo basi, nguvu ya injini huamuliwa na kiasi cha mafuta yanayoingia.

Kazi hiyo ndiyo ya pampu ya kusukumia mafuta, na inagawika sehemu tatu. Kwanza, pampu hupima kiasi cha mafuta kwa kila mpigo, kiasi ambacho hakizidi tone dogo. Pili, huyasukuma kwa shinikizo kubwa ili yapite kwenye matundu membamba ya nozeli na kutoka kama ukungu. Tatu, huyafikisha kwa wakati wake, nyuzi chache tu kabla ya pistoni kufika juu.

Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel alipata hataza ya injini yake mnamo 1893 na akafaulu kuiendesha vyema mnamo 1897. Hata hivyo, injini za kwanza zilipuliziwa mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa, na mitambo ya kushindilia hewa hiyo ilikuwa mizito mno kuwekwa garini. Kampuni ya Robert Bosch ilipoanza kutengeneza pampu za mafuta kwa wingi mnamo 1927, ndipo njia ilipofunguka kwa malori na mabasi ya dizeli.

Nchini Japan, kampuni ya Diesel Kiki ilianzishwa 1939 ikitengeneza pampu kwa leseni ya Bosch. Mnamo 1990 ilibadilisha jina na kuitwa Zexel. Fundi yeyote wa Nairobi aliyewahi kufungua injini ya gari la Kijapani la miaka hiyo amekutana na jina hilo limechongwa kwenye bati la pampu.

Aina mbili zinazopatikana

Magari yanayohudumu Kibera na Kawangware, pamoja na malori yanayopeleka mchanga, mawe na vyakula katika mitaa hiyo, yana aina mbili kuu za pampu za zamani.

Ya kwanza ni pampu ya mstari. Kila silinda ina kisukumio chake, na visukumio vyote vimepangwa kwa safu moja juu ya mhimili wenye kamu. Ufito wenye meno hupita kando na kuvizungusha vyote kwa pamoja ili kuongeza au kupunguza mafuta. Aina hii imetumika katika injini nyingi za Isuzu NQR, gari ambalo limebeba abiria wengi wa Nairobi, na katika malori makubwa.

Ya pili ni pampu ya kugawa. Hii ina kisukumio kimoja tu kinachozunguka huku kikienda mbele na kurudi nyuma, kikigawia kila silinda fungu lake kwa zamu. Ni ndogo na nyepesi, nayo hupatikana kwenye Toyota HiAce na Nissan Caravan za dizeli za miaka ya themanini na tisini. Sehemu zake za ndani hulainishwa na dizeli yenyewe. Jambo hilo lina uzito mkubwa, kama tutakavyoona.

Katika aina zote mbili, kisukumio hukaa ndani ya ala yake kwa nafasi ya elfu chache tu za milimita. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara nyingi. Ndiyo sababu chembe ya vumbi la Naivasha Road ikiingia kwenye pampu iliyofunguliwa kando ya barabara inaweza kuharibu kifaa ambacho kingedumu miaka mingi.

Pampu zote mbili pia zina kidhibiti kasi, ambacho mafundi hukiita gavana. Ni vizito vinavyozunguka na springi zinavyovikinza. Injini ikienda mbio kupita kiasi, vizito hutanuka na kupunguza mafuta. Kidhibiti hiki kisichanganywe na kile kidhibiti mwendo ambacho magari ya abiria yalilazimishwa kuwekewa kwa kanuni zilizotangazwa 2003 na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, ili yasipite kilomita 80 kwa saa. Kile cha Michuki hulinda abiria. Hiki cha pampu huilinda injini isijipasue.

Turbo na mwinuko wa Nairobi

Turbo ilibuniwa na Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mnamo 1905. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, na gurudumu hilo huzungusha jingine linaloshindilia hewa safi kuingia injini. Mizunguko yake yaweza kupita 100,000 kwa dakika. Hewa ikiongezeka, mafuta nayo yaweza kuongezwa, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa.

Uhusiano wa hewa na mafuta ndio kiini cha suala zima. Ili gramu moja ya dizeli iungue kikamilifu, huhitaji takriban gramu 14.5 za hewa. Lakini ndani ya silinda hakuna muda wa kutosha wa kila tone kukutana na hewa yake, kwa hivyo injini huhitaji ziada. Hewa ikishuka hadi karibu gramu 18 hivi kwa kila gramu ya mafuta, moshi mweusi huanza kuonekana. Kuanzia hapo, mafuta yanayoongezwa huzaa nguvu kidogo, na joto na masizi kwa wingi.

Nairobi ina tatizo lake la ziada. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo shinikizo la hewa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na turbo iliyopimiwa pampu pwani itatoa moshi ikifika Nairobi, ijapokuwa hakuna kilichoharibika. Mafuta ni yale yale, ila hewa imepungua.

Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa sharti kwamba ni nzima. Kwa hakika, hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau. Magari mengi huletwa nchini yakiwa yametumika Japan, na sheria inaruhusu yasiwe na zaidi ya miaka minane tangu yatengenezwe. Huanza kazi mpya huku mipira ya turbo imekauka na vifungo vyake vimelegea. Hewa huvuja kabla ya kufika kwenye silinda, gari hupoteza nguvu, na lawama huangukia pampu isiyo na hatia.

Pampu nyingi za injini zenye turbo zina kiungo kidogo kinachozuia kosa hili. Ni kiwambo cha mpira kilicho juu ya pampu, au nyuma ya kidhibiti kasi, kilichounganishwa kwa bomba jembamba na njia ya hewa ya turbo. Turbo ikiwa bado haijashika kasi, kiwambo huizuia pampu isitoe mafuta mengi. Turbo ikishindilia hewa ya kutosha, kiwambo husukumwa na kuruhusu mafuta yaongezeke.

Kiwambo hicho kikipasuka, au bomba lake likitoboka, pampu hubaki ikiamini kwamba turbo haifanyi kazi. Gari huwa zito mlimani. Fundi asiyekagua bomba hilo huamua kufungua skurubu kuu ya mafuta, na matokeo yake ni gari linalotoa moshi kila linapoondoka kwenye steji. Kipande cha bomba kilichotoboka kingebadilishwa kwa fedha kidogo mno.

Moshi unavyosema

Rangi ya moshi ni lugha. Mwenye gari akiielewa, hawezi kudanganywa kwa urahisi.

Moshi mweusi humaanisha mafuta yamezidi hewa. Sababu yaweza kuwa chujio la hewa lililoziba, mpira wa turbo uliopasuka, nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, au pampu iliyofunguliwa kupita kiasi. Pampu imetajwa mwisho kwa makusudi.

Moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli iliyopita bila kuwaka. Huonekana injini ikiwa baridi, wakati wa kusukuma mafuta ukiwa umechelewa, au silinda ikiwa imekosa mfinyo. Ukiwa wa mvuke tu na maji ya rejeta yanapungua, basi tatizo ni gasketi ya kichwa cha injini na wala si pampu.

Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Katika injini yenye turbo, oili hiyo yaweza kuwa inavuja kupitia turbo yenyewe. Hakuna skurubu ya pampu inayoweza kutibu ugonjwa huo.

Kabla ya kugusa pampu

Fundi mwadilifu huanza mbali na pampu na kuikaribia hatua kwa hatua. Utaratibu ufuatao hauhitaji mashine ghali, na sehemu kubwa yake yaweza kufanywa kwenye gereji yoyote ya Kawangware 46 au kando ya Toi.

Kwanza, chujio la hewa litolewe na kukaguliwa. Barabara za mitaa hii zina vumbi jingi, na chujio huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

Pili, mipira yote kutoka turbo hadi injini ikaguliwe, pamoja na vifungo vyake. Dalili ya uvujaji ni alama ya oili iliyochanganyika na vumbi. Bomba jembamba la kiwambo likaguliwe wakati huo huo.

Tatu, chujio la dizeli libadilishwe na maji yaliyotuama chini ya kitenganishi yamwagwe. Maji hula vyuma vya pampu kwa kutu.

Nne, nafasi za valvu zipimwe na, ikiwezekana, mfinyo wa kila silinda upimwe kwa geji. Pampu haiwezi kufufua silinda iliyochakaa.

Tano, nozeli zitolewe na kupimwa kwenye kifaa cha mkono chenye geji ya shinikizo. Kila nozeli ina shinikizo lake la kufunguka lililowekwa na mtengenezaji. Katika injini za zamani huwa baina ya bar 120 na bar 250 kutegemea aina. Inapaswa kutoa ukungu ulio sawa pande zote, ikate ghafla, na ncha yake isibaki na tone.

Ni baada ya hatua hizo tano tu ambapo fundi ana haki ya kuishuku pampu.

Pampu inavyorekebishwa

Marekebisho ya pampu ni ya aina nne, na kila moja ina mahali pake.

La kwanza ni wakati. Pampu ya mstari hupimwa kwa kuigeuza injini kwa mkono taratibu hadi alama ya silinda ya kwanza, huku fundi akitazama ni lini mafuta yanakoma kutiririka kwenye mdomo wa pampu. Pampu ya kugawa hupimwa kwa saa ya kupimia inayofungwa katikati ya kichwa cha pampu, na kipimo chake, ambacho aghalabu hukaribia milimita moja, husomwa injini ikiwa kwenye alama. Namba kamili hutoka kwenye kitabu cha injini husika, na kukisia hakuruhusiwi.

Ikiwa wakati haulingani, nati za pampu hulegezwa na mwili wa pampu kuzungushwa kidogo. Kuuzungusha kinyume na mwelekeo wa mhimili wake hutanguliza wakati. Kuuzungusha upande wa mhimili huuchelewesha. Kwa kuwa pampu ya injini ya mipigo minne huzunguka nusu ya kasi ya injini, digrii moja ya pampu ni digrii mbili za injini. Wakati ukitangulia mno, injini hugonga kama nyundo na pistoni huumia. Ukichelewa, nguvu hupungua, moshi huwa mweupe, na joto linalopita kwenye turbo huongezeka.

La pili ni mngurumo wa injini gari likiwa limesimama. Skurubu yake huwa wazi na hurekebishwa injini ikiwa imepata moto. Injini nyingi za aina hii hutulia kati ya mizunguko 650 na 800 kwa dakika.

La tatu ni kiasi cha juu kabisa cha mafuta. Katika pampu ya kugawa, skurubu yake iko nyuma, imefungwa kwa nati, na ilitoka kiwandani ikiwa na muhuri. Ikisokotwa kuelekea ndani, mafuta huongezeka. Hii ndiyo skurubu inayosokotwa kila siku kando ya barabara, na ndiyo inayopaswa kuguswa kwa nadra kuliko zote.

Mahali pake halali pa kurekebishwa ni juu ya mashine ya kupimia pampu, ambayo baadhi ya karakana za Nairobi zinayo. Mashine huizungusha pampu kwa kasi iliyowekwa, na mafuta ya kila mdomo hukusanywa katika kopo lake la kioo lenye alama. Baada ya mipigo kadhaa, tuseme 200 au 1,000, vipimo vya makopo yote hulinganishwa. Ikiwa kopo moja lina mengi kuliko mengine, silinda moja ilikuwa ikibeba mzigo wa wenzake. Tofauti hiyo haiwezi kuonekana kwa macho wala kusikika kwa masikio pampu ikiwa bado garini. Hewa yenye shinikizo hupelekwa pia kwenye kiwambo ili kuona kama mafuta yanaongezeka turbo inapoamuru.

Endapo hali italazimisha marekebisho madogo nje ya mashine, fundi aweke alama ya rangi kwenye skurubu kabla ya kuigusa, asokote sehemu ya nane ya mzunguko tu, kisha gari lijaribiwe likiwa na mzigo. Skurubu hiyo ikiongezwa, mngurumo wa injini iliyosimama nao hupanda, kwa hivyo sharti urejeshwe. Moshi ukionekana gari likiwa limeshika kasi na turbo inashindilia, skurubu irudishwe hadi utoweke.

La nne ni kasi ya juu ya injini. Skurubu yake ina muhuri, na muhuri huo haupaswi kuvunjwa kwa sababu yoyote ya kibiashara.

Mafuta ya taa na mzunguko wa hasara

Kuna chanzo kimoja cha uharibifu wa pampu ambacho kinaanzia kwenye mkebe wa mafuta. Kwa miaka mingi, mafuta ya taa yaliuzwa kwa bei ya chini kuliko dizeli kwa sababu ndiyo nishati ya jikoni mwa watu wa kipato cha chini. Walanguzi waliyachanganya na dizeli na kutia faida mfukoni.

Mafuta ya taa ni mepesi na hayana utelezi wa dizeli. Yakiingia kwenye pampu ambayo hulainishwa na mafuta hayo hayo, vyuma husuguana vikavu. Isitoshe, hupenya kwenye ile nafasi ndogo kati ya kisukumio na ala, hivyo mafuta yanayofika kwenye nozeli hupungua. Gari hukosa nguvu. Mwenye gari huagiza pampu ifunguliwe. Siku anayopata dizeli safi, gari hufuka moshi kama tanuri. Anaambiwa pampu imeharibika, na safari hii ni kweli.

Mnamo Septemba 2018, serikali ilianza kutoza ushuru wa KSh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyowavutia walanguzi. Hatua hiyo iliondoa faida ya uchanganyaji, lakini mzigo wake uliangukia stovu za Kibera na Kawangware. Mama aliyenunua mafuta ya kupikia kwa chupa alilipia udanganyifu ambao hakuushiriki.

Hasara kwa mfuko na kwa mapafu

Tuchukue mfano wa hesabu. Matatu inayotumia lita 40 kwa siku ikipoteza asilimia tano tu kama moshi, hiyo ni lita mbili. Kwa siku 26 za kazi, ni lita 52 kwa mwezi. Tangu Desemba 2010 bei ya juu ya mafuta hutangazwa kila tarehe 14, na leo kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mwenye gari anaweza kuzidisha lita hizo kwa bei ya mwezi huo, kisha alinganishe jumla na gharama ya kupimiwa pampu kwenye mashine.

Hasara ya injini ni kubwa zaidi. Pistoni nyingi hutengenezwa kwa aloi ya alumini, na alumini huyeyuka ikifika nyuzi 660. Moto wa mafuta yaliyozidi huchoma vichwa vya pistoni, hupasua kichwa cha injini na huunguza mhimili wa turbo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa upande wa afya, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza Juni 2012 kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni wale ambao hawana gari: wachuuzi wa kando ya barabara, watoto wanaotembea kwenda shule, na makanga anayening'inia mlangoni kutwa nzima. Fundi naye huuvuta akiwa ameinama juu ya injini.

Sheria nayo haijanyamaza. Kanuni za ubora wa hewa, zilizo chini ya sheria ya mazingira, huwekea mipaka uchafu unaotolewa na magari, na magari ya abiria hutakiwa kukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Mnamo Januari 2015, Kenya na jirani zake wa Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Dizeli hiyo safi haina faida kubwa ikiwa nusu ya kazi ya pampu imeachiwa bisibisi na bahati.

Tahadhari za usalama

Mafuta yanayotoka kwenye nozeli hupenya ngozi ya binadamu kama sindano. Mkono usiwekwe kamwe mbele ya nozeli inayopimwa. Aliyepenywa apelekwe hospitalini mara moja, hata kama kidonda ni kidogo na hakiumi, kwa kuwa bila upasuaji wa haraka anaweza kupoteza kidole au mkono.

Hatari ya pili ni injini kukimbia yenyewe bila kuzimika. Hutokea ufito wa pampu unapokwama, kidhibiti kasi kinapofungwa vibaya, au turbo inapovujisha oili ndani ya injini. Kuzima swichi hakusaidii kila mara. Dawa ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu, wala si kwa mkono, na watu wakae mbali.

Kwa hivyo, kila fundi anayeiwasha injini baada ya kuigusa pampu awe na ubao huo karibu kabla ya kugeuza ufunguo.

Kazi inayobadilika

Magari mapya ya dizeli hayana skurubu hizi. Yana mrija mmoja wa shinikizo unaohudumia nozeli zote, kompyuta huamua kiasi na wakati, na shinikizo lake laweza kupita bar 1,600. Bisibisi haina la kufanya hapo. Fundi anayetegemea sikio pekee atajikuta nje ya kazi, na njia aliyo nayo ni kusoma vipimo na kupata cheti. Majaribio ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, yako wazi hata kwa aliyejifunzia kazi chini ya mti.

Lakini pampu za zamani bado ni nyingi barabarani, nazo zitaendelea kuwalisha wenye magari na mafundi kwa miaka kadhaa. Mwenye gari ana maswali matatu ya kumuuliza fundi kabla ya kumruhusu aiguse pampu: Je, chujio na mipira ya turbo imekaguliwa? Je, nozeli zimepimwa? Na je, skurubu itasokotwa kwa kipimo gani?

Fundi akiyajibu yote matatu, mpe kazi. Akijibu kwamba ataifungulia tu mpaka isikike vizuri, chukua ufunguo wako na uondoke.